Kufuata Udongo Mpaka Ziwani

Uvira ni mji mwembamba. Milima ya Mitumba imeusogelea upande wa magharibi, Ziwa Tanganyika limeuziba upande wa mashariki, na watu wamejipanga katikati kufuata barabara inayoshuka kutoka Bukavu kupitia bonde la Ruzizi kwenda Kalundu, Makobola na Fizi. Mvua ikinyesha usiku huko juu, asubuhi mito inayokatiza mji, Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge, inakuwa imebadilika rangi, na mbele ya kila mdomo wa mto ziwa linakuwa na doa la kahawia linalosogea taratibu kuelekea kwenye kina. Wenyeji wamelizoea. Wako watu wachache ambao kazi yao ni kukataa kulizoea. Wanauliza doa hilo limetoka shamba gani, limebeba nini, kilo ngapi, na likishazama linageuka kuwa nini.

Nimekusudia kuisifu kazi hiyo, na kuisifu polepole, maana uzuri wake ni wa mikono na mtu mwenye haraka haumfikii. Ukisoma ripoti ya utafiti utakuta jedwali: fosforasi kiasi hiki, nitrati kiasi hiki. Mimi hupenda kurudi nyuma ya jedwali, nikauliza namba ile ilipita wapi mpaka ikafika pale, na ni mahali pangapi ingeweza kuharibika njiani bila mtu kujua.

Inaanzia shambani, kwenye miteremko ya muhogo, maharagi na mahindi. Mtafiti mchanga hufika na kushika jembe. Aliyekomaa huanza na salamu, kisha maswali, na mazungumzo yenyewe huenda hivi:

“Jambo mama, habari ya kazi?”

“Nzuri tu, papa.”

“Hapa msimu uliopita mlipanda nini?”

“Maharagi. Mbele ya pale kulikuwa muhogo, ulitukalia miaka miwili.”

“Na majani makavu mliyachoma ao mliyafukia?”

“Tuliyachoma pale, karibu na ule mgomba.”

Jibu hilo la mwisho lina thamani kuliko chombo chochote alichobeba. Majivu yana potasiamu nyingi na hupunguza ukali wa udongo, yaani asidi yake. Kijiko kimoja cha udongo wa pale penye mgomba kikiingia kwenye mfuko wa sampuli, shamba zima litaonekana na rutuba ambayo halina. Hali kadhalika mahali alipofungwa mbuzi, mahali palipokuwa na nyumba ya zamani, njia ya miguu, na kichuguu cha mchwa. Kwa hiyo kabla hajachimba, mtafiti analitembea shamba lote na kulichora kwenye daftari: juu pakavu, katikati, chini panapotuama maji, na zile sehemu za kuepuka.

Ndipo huchimba, akienda kwa kupindapinda kutoka pembe moja hadi nyingine, akitoa udongo mahali kumi na tano au ishirini, kila mara sentimita 20 kwenda chini, na kuutia wote katika ndoo moja ya plastiki. Ndoo ya bati haifai ikiwa atapima zinki. Anauchanganya mpaka usijue tonge lipi limetoka wapi, kama mpishi anavyokoroga mchuzi kabla ya kuonja chumvi. Kisha anaugawa mara nne, anatupa robo mbili, anachanganya tena, anagawa tena, hadi ibaki nusu kilo. Hiyo nusu kilo sasa inasema kwa niaba ya tani nyingi. Hekta moja ya udongo wenye kina cha sentimita 20 huweza kuwa na tani 2,400. Karatasi ya jina huandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino hufutika kwenye unyevu, na huwekwa ndani ya mfuko pamoja na nyingine ya nje.

Sentimita 20 ni kipimo cha mkulima, kwa kuwa mizizi ya maharagi hula humo. Mvua haili humo. Mvua huchukua ngozi ya juu, na huchagua: chembe laini na mboji hutangulia, mchanga mzito hubaki. Ndiyo maana tope linaloingia mtoni huwa na virutubisho vingi, kwa uzito, kuliko udongo wa shamba lilikotoka. Anayefuatilia uhusiano wa shamba na ziwa hulazimika kuchukua sampuli ya pili, ya sentimita chache za juu, na kuipima peke yake. Hulazimika pia kujua uzito wa udongo mahali pake, kwa kupigilia silinda ya chuma yenye ujazo unaojulikana, kukata pande zote mbili sawasawa kwa kisu, na kuukausha udongo ule kwenye nyuzi 105 mpaka uzito wake usibadilike tena. Bila silinda hiyo hawezi kugeuza asilimia kuwa kilo. Akiwa nayo, hesabu inafunguka: milimita moja ya udongo ikiondoka kwenye hekta moja ni mita 10 za ujazo, karibu tani 12, na ikiwa udongo huo una naitrojeni asilimia 0.1 tu, kilo 12 za naitrojeni zimeshuka mlimani. Milimita moja mkulima haioni.

Hapa inafaa nitoe neno kuhusu vitabu. Vitabu vingi vya elimu hii vimeandikwa Ulaya na Marekani, ambako kisa kinachojulikana ni cha mbolea ya dukani iliyozidi. Ziwa Erie ndilo mfano wao mkubwa: fosforasi ya mashamba huingia ziwani, mwani unafumuka, na Agosti 2014 wakazi wa mji wa Toledo katika jimbo la Ohio walikatazwa kunywa maji ya bomba kwa sababu ya sumu ya mwani huo. Ukichukua kisa hicho na kukibandika Uvira utapotea. Mkulima wa mteremkoni hapa kwa kawaida hana mbolea ya kiwandani ya kuzidisha. Viongozi wa Afrika walipokutana Abuja mwaka 2006 waliazimia kufikia kilo 50 za virutubisho vya mbolea kwa hekta kufikia 2015, na milima ya Kivu ya Kusini iko mbali sana na kiwango hicho. Mwaka 1997 Pedro Sanchez na wenzake walikadiria kuwa mashamba ya nchi 37 za Afrika yalikuwa yamepoteza, kwa miaka 30, wastani wa kilo 660 za naitrojeni, 75 za fosforasi na 450 za potasiamu kwa kila hekta. Kinachoshuka ziwani Uvira, basi, ni akiba ya shamba lenyewe, udongo uliokuwa uzae muhogo wa mwaka kesho. Mkulima na mvuvi wanapoteza kwa pamoja, na katika hasara hii sijui nani amefaidika.

Mtafiti anayejua mahali alipo huanza na jambo hilo, na huchagua vipimo kwa kufuata ardhi. Udongo mwekundu wa milimani ni mkali na una chuma na aluminiamu, vitu vinavyoikamata fosforasi kwa nguvu kiasi kwamba mmea unakufa njaa huku chakula kipo. Bonde la Ruzizi, chini, lina sehemu zenye udongo wa chumvi na magadi. Kupima fosforasi ya udongo mkali kuna njia ya Bray na Kurtz ya mwaka 1945. Kwa usio mkali kuna njia ya Olsen ya mwaka 1954, ambayo huutikisa udongo dakika 30 ndani ya maji ya sodiamu baikaboneti. Njia hizi mbili hukamua fosforasi kwa nguvu tofauti, na namba zake hazikai kwenye safu moja ya jedwali. Nimeona majedwali yaliyozichanganya, yakatoa hitimisho kubwa juu ya tofauti kati ya mlima na bonde, na sehemu ya tofauti hiyo ilikuwa tofauti ya dawa tu. Fundi mzuri hupitisha sampuli kadhaa katika njia zote mbili, ajue moja inavyosimama mbele ya nyingine, kabla hajafungua mdomo.

Tushuke mtoni, na hapa ndipo heshima yangu inapokuwa kubwa zaidi.

Fosforasi na naitrojeni hazisafiri pamoja. Fosforasi hupanda mgongoni mwa tope: ikishikamana na chembe ya udongo, hushuka na mafuriko na kukaa tope linapokaa. Nitrati huyeyuka, hupenya ardhini na kutokea kwenye chemchemi na visima siku nyingi baadaye, katika maji meupe ambayo mtu angeapa kuwa ni safi. Kwa hiyo mto mmoja unadai kalenda mbili. Nitrati unaweza kuifuata kwa utulivu, wiki hata wiki. Tope halina ratiba. Katika mito mifupi yenye mteremko mkali kama ya Uvira, sehemu kubwa ya tope la mwaka mzima hupita kwa saa chache za siku chache, mara nyingi usiku, na hasa mvua za kwanza zinapopiga mashamba yaliyolimwa yakiwa bado wazi. Mtu anayejaza chupa yake kila Jumatatu saa nne asubuhi atakuwa na daftari safi na jibu la uongo.

Anayetaka jibu la kweli husimika mti wa kupimia kina, ubao wenye alama za sentimita, mahali ambapo mto hauhamihami. Hutafuta mtu anayeishi karibu, humfundisha, humlipa, na mtu huyo ndiye anayetoka na tochi mvua ikinyesha. Chupa haichotwi juu juu. Juu kuna tope laini, chini mchanga unabingirika, kwa hiyo chupa yenye mdomo mwembamba hushushwa na kupandishwa kwa mwendo ule ule, ijae kidogo kila kina. Kasi ya maji, kama hakuna kipima-kasi, hupimwa kwa chungwa. Chungwa huelea likiwa limezama karibu lote, upepo haulisukumi, na likipotea hakuna hasara. Unahesabu sekunde linazochukua kupita mita 20, unazidisha kwa 0.85 kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, unazidisha tena kwa upana na kina.

Halafu lipo jambo ambalo wanaoanza hawaliamini mpaka walione wenyewe: mto ulio kwenye alama ya sentimita 80 ukipanda hauna tope sawa na mto ulio kwenye sentimita 80 ukishuka. Maji ya kwanza hufagia kilicholegea, maji ya mwisho hukuta pamefagiliwa. Chupa moja kwa kila furiko haitoshi. Zinatakiwa za kupanda, ya kileleni, na za kushuka, kila moja na saa yake. Chukua mfano wa hesabu tu: mto unapitisha mita tatu za ujazo kwa sekunde, na kila lita ina gramu mbili za tope. Hizo ni kilo sita kwa sekunde, tani 21.6 kwa saa. Ukikosea saa ya kuchota, umekosea malori.

Mito hii si ya kuchezea. Aprili 2020 Mulongwe ulifurika usiku, ukaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba, na mitambo ya maji ya mji nayo ikaharibika. Mulongwe ndio unaonywesha mji: Regideso, shirika la maji, huchota humo na kuyasafisha maji kabla ya kuyatia bombani. Tope likizidi, dawa ya kuligandisha nayo lazima izidi, vichujio huziba, na uzalishaji hupungua. Utafiti wa Aurélie Jeandron na wenzake, uliochapishwa mwaka 2015, ulilinganisha siku za maji kukatika Uvira na wagonjwa waliopokelewa kwenye kituo cha tiba ya kipindupindu kati ya 2009 na 2014. Siku moja bila maji ya bomba ilifuatwa, kwa siku 12, na ongezeko la wastani wa asilimia 155 la wagonjwa walioshukiwa, ukilinganisha na siku ya uzalishaji kamili. Maji yanaweza kukatika kwa sababu nyingi, umeme ukiwamo, na siyatupi yote kwenye kichwa cha mkulima wa mlimani. Nasema tu kwamba kipimo cha tope kina ndugu hospitalini.

Mji wenyewe pia huchangia. Vyoo, masoko na mitaro humimina vyao kabla mto haujafika ziwani, na kazi ya mtafiti ni kutenganisha shamba na mji. Njia ni ya kawaida lakini inahitaji uaminifu: chupa moja juu ya nyumba ya mwisho, nyingine chini ya soko, siku ile ile, saa zinazokaribiana. Amonia nyingi huashiria uchafu mpya. Nitrati huonyesha kuwa hewa na vijidudu vimeshapata muda wa kufanya kazi. Nimesikia watu wakibishana kwa ukali nani anaharibu ziwa, wa milimani au wa mjini, na huwa natamani tu chupa mbili.

Nyumbani kwa kazi hii ni Kituo cha Utafiti wa Hydrobiolojia, CRH, ambacho watu wa Uvira wanakijua tangu zama za IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoundwa na Wabelgiji mwaka 1947, mara baada ya msafara wao wa kisayansi uliolizunguka ziwa mwaka 1946 na 1947. Gaston Marlier alichapisha mwaka 1954 uchunguzi wake wa mito ya mashariki ya Kongo. Mwaka 1958 J. Dubois alitoa vipimo vya joto, oksijeni na uangavu wa maji katika ghuba ya kaskazini. Baadaye walikuja Wajapani wa kundi la Hiroya Kawanabe, na Mkongomani Muderhwa Nshombo akaandika pamoja nao juu ya samaki wala magamba, mojawapo ya makala zao ikiwa ya mwaka 1985. Vita vya 1996 na 1998 vilipita Uvira, na vingine baada yake. Katika hali hiyo, kurasa za zamani zenye namba zilizopimwa vizuri zina thamani ambayo waandishi wake wasingeweza kuikadiria. Oksijeni aliyopima Dubois unaweza kuilinganisha na ya leo, kwa sababu njia ya Winkler, ya mwaka 1888, bado inaweza kurudiwa hatua kwa hatua mezani pale pale.

Maabara ndipo penye uangalifu ambao mgeni anaweza kuudhania ni ushirikina. Chupa huoshwa kwa asidi, kisha kwa maji yaliyotoneshwa. Sabuni ya sokoni hairuhusiwi kukaribia, kwa kuwa sabuni nyingi za unga zina fosfati, na tone moja lililobaki kwenye shingo ya chupa linaweza kushinda fosfati yote ya ziwa. Mtoni, chupa husuuzwa mara tatu kwa maji yale yale yatakayochotwa. Maji huchujwa upesi, ikiwezekana pale pale ukingoni, kwa karatasi ya nyuzi za kioo, kwa sababu mwani uliofungiwa chupani haulali. Unaendelea kula fosfati, na kesho yake utapima maji maskini kuliko yalivyokuwa. Kisha barafu. Umeme wa shirika la SNEL ukikatika, friji inakuwa kabati tu, na ndiyo sababu fundi wa Uvira hupanga siku ya kuchota kwa kufuata siku anayoweza kupima, hata kama kalenda ya mradi inasema vingine.

Kipimo chenyewe cha fosfati ni kizuri kukitazama. Njia ya Murphy na Riley, ya mwaka 1962, hutia ndani ya maji molibdeti, antimoni kidogo, asidi, na vitamini C. Unangoja dakika kumi hadi thelathini, na maji ambayo hayakuwa na rangi yanaanza kuwa ya samawati. Samawati nzito ni fosfati nyingi. Mashine husoma rangi hiyo kwenye mwanga wa nanomita 880, ambao jicho halioni. Pembeni ya safu ya sampuli husimama chupa yenye maji matupu yaliyopitishwa hatua zote zile zile. Ikigeuka samawati, kazi ya siku nzima inamwagwa. Pembeni yake kuna sampuli moja iliyopimwa mara mbili bila mpimaji kujua ni ipi. Mboji nayo ina rangi zake: njia ya Walkley na Black, ya mwaka 1934, huunguza mboji kwa dikromati na asidi ya salfuri, chupa inawaka joto mkononi, na mwisho wa kuhesabu matone rangi inaruka ghafla kuwa kijani. Tone moja la ziada na umepita. Mikono iliyozoea hupunguza mwendo kabla ya tone hilo, na hakuna kitabu kinachoeleza wanajuaje.

Ziwa lenyewe linamsubiri mtafiti huyu na fumbo la kumnyenyekesha. Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na hapa kaskazini oksijeni huisha karibu na mita 100. Chini ya hapo fosforasi na naitrojeni ni tele, zimelundikana kwa maelfu ya miaka, na haziwezi kupanda isipokuwa upepo wa kusi wa Mei hadi Septemba ulitikise ziwa. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walionyesha kuwa maji yanapopata joto mchanganyiko huo hupungua, na walikadiria kuwa uzalishaji wa mwani ulikuwa umeshuka kwa karibu asilimia 20. Ndagala hula wanyama wadogo wanaoutegemea mwani huo, na mikeke hula ndagala. Kwa hiyo ziwa lina njaa katikati na limevimbiwa kandokando. Wapo waliosema kwa mzaha kwamba basi tope la milimani ni zawadi. Si zawadi. Linaanguka ufukweni, linafunika mawe, na juu ya mawe hayo ndipo unapoota mwani wa samaki wadogo wa rangi ambao hawapatikani ziwa jingine lolote. Andrew Cohen na wenzake walilinganisha, mwaka 1993, sehemu zenye tope na zisizo nalo, wakakuta aina chache zaidi za samaki na za viumbe wadogo wa maji wenye magamba pale palipofunikwa.

Na angani pia kuna mlango. Mvua, vumbi na moshi wa moto wa nyika wakati wa kiangazi huleta naitrojeni na fosforasi moja kwa moja juu ya maji. Kulipima hilo kunataka ndoo juu ya paa, na ndoo juu ya paa inataka kulindwa na ndege, maana dondosho moja la kunguru linazidi mvua ya mwezi. Wengine huzungushia ncha za waya ukingoni, wengine hutupa kila ndoo yenye shaka. Wa aina ya pili hubaki na namba chache, na mimi huziamini zaidi.

Ziwa lenyewe nalo halikai mahali pake. Miaka ya karibuni limepanda, likameza nyumba na barabara za ukingoni, Uvira na Bujumbura vilevile, na kituo cha kupimia kilichokuwa mita 50 kutoka nchi kavu kimejikuta mbali zaidi. Mtafiti anaamua: abaki na alama ya setilaiti ile ile, au afuate ukingo? Wengi hufanya yote mawili kwa msimu mmoja, wanashusha sahani nyeupe ya Angelo Secchi, ya mwaka 1865, pande zote mbili, na kuandika kina inapopotea machoni, pamoja na saa, mawingu, na jina la aliyetazama. Macho ya watu hayafanani.

Baada ya yote haya kuna siku ya kurudi mlimani na majibu. Daftari hukaa mfukoni. Mtafiti husema shamba hili lina mboji kiasi gani kuliko lile, udongo wa juu umebaki kiasi gani, na kwamba mistari ya majani ya tembo inayokata mteremko hushika udongo na kulisha mbuzi. Lakini je, itapunguza tope la mto? Kulijibu hilo kunahitaji vijito viwili vinavyofanana, vipimwe vyote kwa msimu mzima bila kuguswa, kisha majani yapandwe kwenye kimoja tu, na vyote viendelee kupimwa kwa mikono ile ile. Mpango ni safi kabisa, mpaka mama mmoja wa upande wa pili aulize:

“Na sisi, papa, tungoje udongo uishe ndiyo mjue?”

Swali hilo halimo katika vitabu vya takwimu, na mtafiti anayefaa hulikubali. Suluhisho analoliweza ni kupanda majani kwenye kijito cha kwanza mwaka wa pili na kwenye cha pili mwaka wa tatu, na kupima vyote mpaka mwaka wa nne. Ulinganisho unabaki, ingawa umekuwa mgumu zaidi kuuhesabu, na gharama yake ni misimu zaidi ya tochi, mvua na chupa za usiku wa manane, pamoja na posho za yule anayelinda mti wa kupimia kina, ambazo lazima aziombe upya kwa wafadhili waliokwisha kuambiwa kazi itaisha mapema.